Theluji, Majivu na Maji: Safari ya Siku Moja Hadi Chemchemi ya Mzima



Kila usiku, katika nyumba nyingi za mwambao wetu, husomwa Sura Al-Mulk, ile tuijuayo kwa jina la Tabaraka. Watoto huihifadhi wakiwa chuoni, na akina mama huisoma baada ya Isha kabla ya kulala. Aya yake ya mwisho inatuuliza swali zito: lau maji yetu yatadidimia ardhini, ni nani atakayetuletea maji yanayotiririka? Tunalisoma swali hilo, tunafunga msahafu, na asubuhi tunafungua mfereji. Ukitoa maji, tunatawadha bila ya kufikiri yametoka wapi. Usipotoa, tunachukua madumu na kutoka kumtafuta mwenye mkokoteni.

Makala haya yanawaalika wasomaji, khususan wazazi wanaotafuta pa kuwapeleka watoto siku za likizo, wafunge safari waende wakalitazame jibu la swali hilo kwa macho yao. Liko katika Mbuga ya Tsavo Magharibi, na njia ya kulifikia ni miongoni mwa njia zenye mandhari ya ajabu kabisa katika nchi yetu. Asubuhi mtaiona kwa mbali barafu ya Kilimanjaro. Kabla ya adhuhuri mtasimama kando ya mawe meusi yaliyotoka tumboni mwa ardhi yakiwa yameyeyuka kwa moto. Na adhuhuri mtafika kwenye chemchemi ya maji safi kama kioo, ambayo sehemu yake ndiyo iingiayo katika mabomba ya Mombasa.

Matayarisho na hukumu za njiani

Kutoka Mombasa hadi Voi ni mwendo wa kilomita 150 hivi, na kutoka Voi hadi Mtito Andei ni kilomita 90 na ushei. Hapo Mtito Andei, kando ya barabara kuu ya Nairobi, ndipo lilipo lango la mbuga, na kutoka langoni hadi chemchemi ya Mzima husalia njia ya vumbi isiyotimia kilomita 50. Mtu anaweza kuondoka Mombasa baada ya Alfajiri na kurudi usiku uo huo, lakini barabara ile ina malori mengi na watoto huchoka. Lililo bora ni kufika Voi jioni ya kuamkia safari, kulala kwa jamaa au katika nyumba ya wageni, kuswali Alfajiri huko, kisha kuondoka. Kwa mpango huo safari yenyewe huwa ya siku moja, na mlima huwahiwa kabla haujajifunika mawingu. Asiyekuwa na gari anaweza kupanda treni ile isimamayo katika vituo vya njiani, ateremke Voi au Mtito Andei, na akodi gari lenye dereva aijuaye mbuga. Familia mbili tatu zikichangiana, gharama huwa nyepesi.

Mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Kiingilio hulipwa kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen, basi lipeni mapema mkiwa mahali penye intaneti nzuri. Tangu Juni 2020, plastiki za kutumiwa mara moja na kutupwa zimepigwa marufuku ndani ya mbuga za taifa. Kwa hiyo maji yatiwe katika chupa za kudumu, na mahamri, sambusa, mayai na tende zitiwe katika vyombo vyenye vifuniko. Vifuniko hivyo vina faida ya pili, kwani tumbili na nyani wa huko hawana haya wanapoona chakula kimeachwa wazi. Wakati wa masika njia za ndani huharibika, na gari dogo linaweza kukwama.

Kuna pia mas'ala ya dini ambayo yafaa yajulikane kabla ya safari. La kwanza ni siku yenyewe. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, yule ambaye Swala ya Ijumaa ni wajibu juu yake hapaswi kuanza safari baada ya kuingia alfajiri ya siku hiyo, ila awe na yakini kuwa ataiwahi Ijumaa njiani. Basi chagueni Jumamosi au Jumapili, mkawe salama na mashaka.

La pili ni Swala. Masafa ya kupunguza Swala ni marhala mbili, nayo ni kilomita 80 na ushei, na safari hii inayapita kwa mbali. Mkishavuka majumba ya mji wenu, mnaruhusiwa kuswali Adhuhuri rakaa mbili na Alasiri rakaa mbili, na kuzikusanya pamoja katika wakati wa mojawapo. Anayezikusanya katika wakati wa Adhuhuri atangulize Adhuhuri, anuie kukusanya akiwa ndani ya Swala hiyo ya kwanza, na aifuatishe Alasiri bila ya kukawia. Magharibi haipunguzwi. Na mkiswali nyuma ya imamu ambaye ni mkaazi wa mahali pale, mtatimiza rakaa nne pamoja naye. Watoto wengi wamezisoma hukumu hizi katika vitabu vya fiqhi wala hawajawahi kuzitenda hata mara moja. Safari moja tu itazitia mioyoni mwao.

La tatu, dada zetu wasafiri pamoja na maharimu zao. Safari hii ni ya familia, na utamu wake uko katika kwenda pamoja.

Theluji iliyoitwa baridi

Mkishaingia langoni na kuelekea magharibi, dereva asiwe na haraka. Penye mwinuko, tazameni mbele. Jua likiwa bado mgongoni mwenu na anga ikiwa safi, mtaiona Kilimanjaro imejitokeza juu ya upeo wa nyika, na kileleni pake weupe unaong'aa. Ifikapo saa tatu au saa nne, aghalabu mawingu huwa yameshaufunika.

Mlima huo ulio upande wa Tanzania ni volkano tatu zilizoungana: Shira, Mawenzi na Kibo. Mbili za kwanza zimezimika. Kibo, yenye kimo cha mita 5,895, imelala tu, na ndani ya kreta yake bado hutoka mafukuto yenye harufu ya kibiriti. Hivyo mnapoutazama mlima ule, mnatazama barafu iliyoketi juu ya tanuri. Na asili ya barafu hiyo ni mvuke uliopanda kutoka Bahari ya Hindi, bahari ile ile ambayo watoto wetu huogelea kando yake.

Wazee wetu wa pwani wana sehemu katika habari za mlima huo, ingawa vitabu vingi huwataja kwa uchache. Mnamo mwaka 1848, mmisionari wa Kijerumani Johannes Rebmann aliondoka Rabai, karibu na Mombasa, akielekea bara. Kiongozi wa msafara wake alikuwa Mswahili aitwaye Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za nchi kavu kabla ya ramani. Tarehe 11 Mei, Rebmann aliuona weupe ule kileleni, na alipotaka kujua ni nini, mwongozaji wake alijibu kwa neno moja tu: baridi. Rebmann alipoandika kwamba kuna theluji karibu na mstari wa Ikweta, baadhi ya mabingwa wa jiografia kule London walimkanusha, na ubishi ukaendelea mpaka wasafiri wengine walipoupanda mlima wenyewe katika miaka ya 1860.

Jibu la mwongozaji yule lilikuwa la mtu mkweli, kwa kuwa alisema alilolijua wala hakuongeza. Nasi, tuliozaliwa katika joto la pwani, tumeitaja theluji mara nyingi kuliko tunavyodhani. Katika Swala ya jeneza, dua aliyoifundisha Mtume wetu (S.A.W.) inamwomba Mola amwoshe maiti kwa maji, kwa theluji na kwa barad, yaani mvua ya mawe. Ombi kama hilo limo pia katika mojawapo ya dua za kufungulia Swala. Ni wangapi kati yetu waliosimama mbele ya jeneza la mzazi wakaitaja theluji, ilhali maishani mwao hawajaiona? Wanavyuoni wameeleza kwamba dhambi zina joto, na ndiyo maana yakaombwa yale yanayosafisha na kuburudisha kwa pamoja. Simamisheni gari, waonyesheni watoto weupe ule, na muwaambie: hiyo ndiyo theluji tunayoitaja katika dua.

Waonyesheni mapema, kwani inatoweka. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la takriban kilomita 12 za mraba. Ilipopimwa mwaka 2011, zilikuwa zimesalia chini ya kilomita 2 za mraba. Wataalamu wanasema hewa ya kule juu imekuwa kavu zaidi tangu mwishoni mwa karne ya 19, theluji mpya haitoshi kuilipa ile inayopotea, na joto la dunia linaizidishia hasara. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya huenda ikawa imekwisha ifikapo mwaka 2050. Mtoto wa miaka saba leo atakuwa mtu mzima mwenye watoto wake wakati huo. Huenda akawa katika kizazi cha mwisho kitakachosema, "Mimi niliiona."

Mawe waliyoyaita Shetani

Kutoka hapo njia inaelekea upande wa lango la Chyulu, na nchi hubadilika rangi. Udongo mwekundu wa Tsavo, ambao hupaka hata ngozi za ndovu, hufuatwa na changarawe nyeusi. Mtakipita kilima cha Chaimu, kilichorundikana chote kwa kokoto za volkano, kisha mtafika kwenye lava iitwayo Shetani. Ni uwanja wa mawe meusi yaliyovunjika vunjika, wenye urefu wa kilomita 8 na upana wa zaidi ya kilomita moja na nusu, na kina chake kinafika mita 5. Hapana mti wa maana juu yake, ila nyasi na vichaka vichache vilivyopata pa kushika mizizi katika nyufa.

Mawe haya ni machanga. Vilima vya Chyulu, vinavyoenea kiasi cha kilomita 100, vyote vimeumbika kwa volkano, na moto wake ulianza upande wa kaskazini ukawa unasogea kusini kwa muda wa zama nyingi. Shetani iko katika sehemu ya mwisho kulipuka, na ulipukaji wake ni wa karne chache tu zilizopita. Watu waliokuwako waliona ardhi ikipasuka usiku na moto ukitiririka kama mto, wakasema huyo ni Shetani ametoka kuzimu. Jina likabaki.

Watoto watauliza juu ya jina hilo, na ni vizuri wajibiwe. Hofu ya watu wale inaeleweka, kwani nani asingeogopa? Lakini sisi tumefundishwa kwamba Ibilisi hana uwezo wa kuumba hata chembe ya mchanga. Uwezo wake ni wasiwasi tu anaoutia vifuani mwa watu. Moto ule ulitoka kwa amri ya Mwenyezi Mungu, na kwa amri Yake ukapoa. Hata yale yanayotutisha yana hekima ndani yake, na hekima ya mawe haya mtaiona kabla ya siku kwisha.

Okoteni jiwe moja mlitazame, kisha mlirudishe mahali pake, kwa kuwa si halali kuondoka na kitu cha mbuga. Mtaliona limejaa matundu. Gesi iliyokuwamo ilitoka wakati jiwe likipoa, ikaacha vishimo kama vya mkate wa mofa. Kisha tafuteni mahali penye majivu na changarawe za volkano, mmwage kikombe kimoja cha maji. Yatazama papo hapo, wala hayatabaki hata matope. Ndiyo sababu katika vilima vyote vya Chyulu hamna mto hata mmoja, ijapokuwa vileleni kuna misitu ya mawingu inayopata mvua na ukungu. Kila tone linaloanguka huko linadidimia ardhini.

Hapo ndipo pa kuwakumbusha watoto aya ya mwisho ya Tabaraka. Maji yamedidimia mbele ya macho yao. Nani sasa atayaleta?

Nyongeza ndogo kwa wapendao fiqhi: asiyepata maji mahali hapa asidhani kwamba atatayamamu kwa kupiga viganja juu ya jiwe tupu la lava. Kwa Imam Shafi'i sharti la kutayamamu ni udongo tohara wenye vumbi. Baadhi ya maimamu wengine wameruhusu jiwe. Lakini ninyi mna maji garini, na mengi zaidi yako mbele yenu. Na msitembee juu ya lava wala kuingia mapangoni bila ya kwanza kuwauliza askari wa KWS, kwa kuwa mawe yake hukata kama vigae na wanyama wakali wanaishi jirani.

Mahali maji yanaporudi

Kutoka Shetani mrudi nyuma kuelekea Mzima. Nchi ni kavu, miiba imesinyaa, vumbi linafuata gari. Kisha ghafla inaonekana mistari ya miti mirefu ya kijani: mikuyu, mivumo, na mikindu, ile ile ambayo majani yake mama zetu huyasuka mikeka. Chini ya miti hiyo, kutoka kwenye miamba ya lava, maji yanabubujika.

Ni mengi kiasi gani? Zaidi ya lita milioni 200 kwa siku, mchana na usiku, kiangazi na masika. Hayo ndiyo maji yaliyodidimia Chyulu, mwendo wa kilomita 50 hivi kutoka hapo. Yamesafiri gizani chini ya ardhi, yakachujwa na majivu na mawe yenye matundu, na inakadiriwa kwamba huenda yakakaa humo hata miaka 25 kabla ya kutokea tena. Msichana wa chuo anayeyatazama leo, huenda anayatazama maji yaliyonyesha kabla mama yake hajaolewa. Watu wengi hudhani kuwa maji ya Mzima ni theluji ya Kilimanjaro iliyoyeyuka. Sivyo. Ni mvua na ukungu wa Chyulu, na mawe meusi mliyoyaona asubuhi ndiyo birika lake na ndiyo chujio lake. Hiyo ndiyo hekima tuliyoiahidi. Lau vilima vile vingekuwa vya udongo mgumu, mvua yake ingeporomoka kwa msimu mmoja ikaishia baharini.

Kando ya vidimbwi kuna njia ya kutembea kwa miguu pamoja na askari. Mtaona viboko wamejitumbukiza hadi puani, na mamba wamelala ukingoni. Kuna pia chumba kidogo kilichojengwa chini ya maji, chenye madirisha ya kioo, ambamo watoto hushuka wakawatazama samaki uso kwa uso. Waelezeni namna riziki ilivyopangwa mahali hapo: kiboko hula nyasi usiku na kurudi majini mchana, kinyesi chake huwalisha wadudu wa majini, wadudu huwalisha samaki, na samaki huwalisha ndege na mamba. Hakuna kinachotupwa bure.

Hapa ndipo pa kuswali. Tafuteni mahali palipo wazi penye ruhusa ya askari, mbali na ukingo, mtandike mikeka. Kibla kutoka Mzima ni kaskazini, na kuinamia mashariki kidogo. Mkisimama hivyo, vilima vya Chyulu vitakuwa mbele yenu, kushoto kidogo, na Kilimanjaro itakuwa mkono wa kushoto kabisa. Udhu wenu uwe kwa maji mliyokuja nayo, kwa sababu ya mamba. Na ikiwa dumu lenu mlilijaza nyumbani Mombasa, upo uwezekano kwamba maji hayo yaliondoka hapa hapa, yakashuka kwenu kwa bomba, nanyi mmeyarudisha kwao kwa gari.

Bomba hilo la Mzima lilijengwa tangu zama za ukoloni. Linapita zaidi ya kilomita 200 za nyika hadi Mombasa, na maji yake huteremka kwa mteremko wa ardhi. Uwezo wake ni takriban lita milioni 35 kwa siku. Maji mengine ya Mzima yanaingia Mto Tsavo, nao hukutana na Mto Athi ukawa Galana, na Galana ukishuka pwani huitwa Sabaki. Kandokando ya Sabaki, huko Baricho, vimechimbwa visima vinavyowapa maji watu wa Malindi, Kilifi na Mombasa. Maji hufuata mkondo, na mkondo huu unatufikia kwa mikono miwili. Kinachosalia huingia baharini, kinapanda tena kuwa mawingu, na mawingu hurudi Chyulu.

Amana iliyo mferejini

Sasa tujiulize safari hii inatudai nini tukisharudi nyumbani. Mwenyezi Mungu katika Sura Al-Baqara, aya ya 74, ametaja mioyo iliyokuwa migumu kama mawe au zaidi, kisha akayasifu mawe mbele ya mioyo hiyo: yapo mawe yanayobubujika mito, na yapo yanayopasuka yakatoa maji. Aliyefika Mzima ameliona jambo hilo kwa macho. Jiwe lililotoka motoni, likaitwa kwa jina la Shetani, linawanywesha mamilioni ya watu. Je, mioyo yetu nayo inatoa nini?

Tuanze na udhu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kiasi kisichozidi robo tatu ya lita, na akioga kwa pishi moja ya mudi nne hadi mudi tano. Mama akitaka kujua nyumba yake iko wapi katika suna hii, na aweke ndoo chini ya mfereji mtoto wake anapotawadha, kisha wapime pamoja. Wengi watashangaa kwa kuona lita nyingi zilizomwagika kwa Swala moja tu. Birika la zamani lilikuwa na adabu ambayo mfereji hauna, na halijakatazwa kurudi. Hata misikitini, wasimamizi wanaweza kuweka mifereji inayojifunga yenyewe.

Pili, tuwakumbuke majirani wa njiani. Bomba letu linakatiza nchi kavu ya Taita Taveta, na kwa miaka mingi wakaazi wa huko wamelalamika kwamba maji yanawapita wakielekea pwani ilhali wao wana kiu. Dini yetu imefundisha kwamba watu ni washirika katika maji. Tunapodai haki yetu ya mfereji uliokauka, na tudai pia haki ya yule ambaye bomba linapita mlangoni kwake. Mtu hawezi kuomba mvua kwa ajili ya shamba lake peke yake.

Tatu, tuukumbuke msitu. Birika la Chyulu linajazwa na miti ya vileleni inayonasa ukungu na kuyapunguza makali ya mvua. Misitu hiyo imekuwa ikisumbuliwa na moto, ukataji wa miti na uchomaji wa makaa. Nasi wa mijini hatuko mbali na lawama, kwa sababu jikoni mwetu gunia la makaa huingia bila ya kuulizwa limetoka msitu gani. Tuulize. Tupunguze tunapoweza. Tupande pia, kwani Mtume (S.A.W.) ametuahidi kwamba Muislamu akipanda mti, kila atakayekula kwao, awe mtu, ndege au mnyama, humwandikia mpandaji sadaka. Ikiwa mvua inayoanguka leo Chyulu itawafikia watu baada ya miaka 25, basi mti unaolindwa leo ni sadaka kwa wajukuu ambao bado hatujawapa majina.

Barafu ya Kilimanjaro pengine imeshatupita, na mambo yaliyoifikisha hapo ni makubwa kuliko familia moja. Mzima bado iko. Bado inabubujika usiku huu wakati msomaji anapoishika karatasi hii, na bado sehemu yake inateremka kimya kimya kuelekea kwetu. Maji yakimwagika hayazoleki, wahenga walisema. Lakini yanayolindwa kabla hayajamwagika huwatosha wengi.

Mtakaporudi, mkiwa mmechoka na nguo zimejaa vumbi jekundu, waacheni watoto waisome Tabaraka kabla ya kulala. Watakapofika kwenye aya ya mwisho, wanavyuoni wetu wamependekeza msomaji ajibu kwa kumtaja Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, kuwa ndiye Mwenye kuyaleta maji. Safari hii watajibu kama watu waliokwenda, wakaona.

Tunamwomba Allah Subhanahu wa Taala atuandikie safari za kheri, atudumishie chemchemi zetu, awanyweshe wenye kiu wa bara na wa pwani, na awaoshe wazee wetu waliotangulia kwa maji, kwa theluji na kwa barad. Amin.

Wabillahi tawfiq.